Kundi Halipo: Utatuzi wa Kosa la Makundi Kutoka Ipole

Kosa la utunzaji wa makundi ni ule ujumbe mwekundu unaojitokeza chini ya kioo pale mfumo wa biashara unapokataa kufungua kundi la bidhaa, kulibadili au kulihifadhi. Mfumo unaozungumziwa hapa ni SAP, kazi ya kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM. Ndani yake bidhaa, mashine, mteja, hata bechi moja ya mzigo uliolala ghalani huweza kuwekwa kwenye kundi, na kila kundi hubeba sifa zake: rangi, unyevu, asili, daraja. Kundi hutengenezwa kwa msimbo CL01 na kurekebishwa kwa CL02. Sifa hutunzwa kwa CT04. Kitu hupachikwa kwenye kundi lake kwa CL20N. Misimbo hii ikitii, hakuna anayeijua nje ya chumba cha TEHAMA. Ikigoma, mpaka dereva wa lori aliyeegesha nje huitaja kwa jina, maana ndiyo iliyomzuia kuondoka.

Ipole ni mahali pazuri pa kulitazamia kosa hili, kwa sababu makao makuu hulipokea likiwa limekwisha kuvaa suti. Kijiji kiko wilaya ya Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, penye njia panda: mkono mmoja unakwenda Mpanda, mwingine Rungwa hadi Mbeya. Ni nchi ya miombo, asali na tumbaku. Asali huanzia kwenye mzinga uliotundikwa juu ya mti, hurinwa kwa moshi, hukamuliwa, huchujwa, hujazwa kwenye ndoo za lita 20, na mwishowe hugeuka kuwa mstari mmoja wa tarakimu ndani ya kompyuta ambayo hakuna mtu wa Ipole aliyewahi kuiona. Katika safari yote hiyo, kipande kinachochelewesha mzigo ni ule mstari wa mwisho. Chukulia basi kampuni ya mfano, isiyo na jina, yenye ghala hapo njia panda, karani mmoja, mizani, kompyuta mpakato na modemu iliyofungwa dirishani kwa kamba ili ipate mtandao.

Hatua ya kwanza ni kuusoma ujumbe. Yaonekana ndogo, nayo ndiyo inayorukwa kuliko zote. Desturi ni karani kupiga picha kioo kwa simu na kuituma WhatsApp kwa mtaalamu aliye Dar es Salaam. Picha hufika ikiwa na mwanga wa dirisha katikati, kidole gumba juu ya namba ya kosa, na kikombe cha chai kinachoonekana vizuri kuliko yote. Chini yake pameandikwa: “Shikamoo kaka, mfumo unasumbua.” Jibu nalo ni la desturi: “Marahaba. Zima, uwashe.” Kompyuta huzimwa, huwashwa, na kosa hurudi likiwa na nguvu mpya.

Kila ujumbe wa SAP una herufi na namba zake, na ukibofywa hufungua maelezo marefu: kosa ni nini, mfumo umefanya nini, mtumiaji afanye nini. Maelezo hayo yana ukavu wa barua za serikali, lakini yana habari ya kweli ndani. Namba ya ujumbe, msimbo uliokuwa wazi, jina la mtumiaji, jina la kundi, aina ya kundi na saa: hayo yakitumwa kwa maandishi, makosa mengi hutatuliwa kabla lori halijazima injini. Chai haihitajiki kwenye kumbukumbu.

Sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni kufuli, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Mtu akifungua kundi kwa CL02, mfumo hulifunga ili mwingine asilibadili wakati huohuo, na ujumbe humtaja aliyelishika. Mara nyingi aliyelishika hakuwa na nia ya kubadili chochote. Alitaka kuchungulia tu, na kwa kuchungulia upo msimbo wake, CL03, usiofunga chochote. Lakini vidole huzoea CL02, simu inaita, mwenyewe anatoka, na kundi la asali la mkoa mzima linabaki mikononi mwa mtu aliye kwenye foleni ya chipsi. Umeme au mtandao ukikatika katikati ya kazi, kufuli nalo huweza kubaki likimlinda mtumiaji ambaye hayupo tena.

Msimamizi huyaona makufuli yote kwa msimbo SM12 na anaweza kuyafuta. Neno “anaweza” lipimwe. Kwanza apigiwe simu aliyetajwa, aulizwe kama ana kazi ambayo hajaihifadhi. Kufuli likifutwa mtu akiwa bado anaandika, watu wawili wataandika juu ya kundi moja, na kosa litakalofuata halitakuwa na ujumbe mwekundu wa kulitambulisha. Kuna wasimamizi wanaofuta makufuli yote kila asubuhi kama usafi wa ofisi. Hao wasipewe ufunguo wa kitu kingine chochote.

Sababu ya pili ni ruhusa. SAP hutofautisha ruhusa ya kulitunza kundi lenyewe na ruhusa ya kupachika vitu ndani yake, na hutazama pia aina ya kundi. Kwa hiyo karani anaweza kuwa amepachika ndoo za asali msimu mzima bila shida, na siku anayoombwa kuongeza rangi mpya kwenye orodha akakutana na mlango uliofungwa. Kipimo chake ni SU53, kinachoonyesha ukaguzi wa ruhusa ulioshindikana mwisho. Kina sharti ambalo watu hulisahau: kifunguliwe palepale baada ya kosa, kwa jina la yuleyule aliyekosa. Karani akikosa, akaenda kula, akarudi akafungua misimbo mingine mitatu, kisha akaendesha SU53, anaweza kutuma ushahidi wa kosa jingine kabisa, na Dar es Salaam wakampa ruhusa ya kitu asichokihitaji. Hivi ndivyo makarani wa mikoani wanavyojikuta na uwezo wa kuidhinisha likizo.

Kufuli likiwa limeachiwa na ruhusa ipo, linafuata jambo linalowachanganya hata wazoefu: aina ya kundi. Kila kundi huishi chini ya aina yenye tarakimu tatu. 001 ni ya bidhaa, 002 ya mitambo, 010 ya wauzaji, 023 ya bechi. Jina la kundi ni la pekee ndani ya aina yake tu. Nje ya hapo linaweza kurudiwa. Kampuni inaweza kuwa na kundi ASALI katika 001 na ASALI jingine katika 023, kila moja na sifa zake, pasipo undugu wowote. Msimbo nao hukumbuka aina iliyotumika mwisho. Karani aliyekuwa akishughulikia bidhaa akienda kutafuta kundi la bechi, huambiwa kundi halipo. Analiona kwenye karatasi ukutani, alilitumia jana, na mfumo unamwambia halipo. Hapo ndipo watu huanza kumshuku mwenzao kuwa amelifuta. Tiba yake ni kutazama kisanduku kidogo cha tarakimu tatu kilicho karibu na jina, ambacho hakuna anayekitazama kwa sababu siku zote kina namba ndani.

Tatizo hili lina umri mkubwa katika nchi hii. Kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, merikani ilikuwa kitambaa cha pamba kutoka Marekani, na merikani ilikuwa pia shanga nyeupe. Aliyeagiza merikani bila kutaja aina angeweza kupokea kisichovalika. Msafiri Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, alitaja aina za shanga zipatazo 400, kila moja na jina, thamani na mahali pake pa kupokelewa. Msafiri mwenzake Stanley alipokuwa akikusanya mizigo Zanzibar mwaka 1871, hesabu hiyo ilimsumbua: samsam, zile nyekundu, zilikubalika Unyamwezi, nyeusi zilikuwa fedha Ugogo na takataka kwingineko, nyeupe zilifaa Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Kisha vita vya mtemi Mirambo vikamzibia njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji, naye akalazimika kuzunguka kusini mwa Tabora kupitia Ugunda na kukatiza hiyohiyo Ukonongo. Msafara uliobeba shanga halali katika nchi isiyozitambua ulikuwa na kosa la aina ya kundi, na wapagazi ndio walioendelea kulibeba mabegani wakati viongozi wakijadiliana.

Aina ikiwa sahihi, uchunguzi unashuka kwenye sifa, na hapa utatuzi unakuwa kazi ya macho. Sifa huweza kufungwa kwa orodha ya thamani zinazoruhusiwa. Lolote lililo nje ya orodha hukataliwa. Tumbaku ya mvuke ndiyo shule nzuri ya jambo hili. Mteuzi wa tumbaku hulikagua robota kwa jicho na kidole, kisha huandika daraja lake kwa herufi na tarakimu: nafasi ya jani kwenye mche, ubora wake, rangi yake. Herufi O husimama kwa rangi ya chungwa. Karani hutazama kikaratasi kilichoshikamana na robota, anaona duara, anabonyeza sifuri. Kioo kinaonyesha kitu kilekile machoni mwa binadamu. Kwa mfumo, hilo ni daraja lisilojulikana duniani. Hutokea pia kinyume chake, tena vibaya zaidi: aliyetengeneza orodha kule juu ndiye aliyeandika sifuri, na sasa kila karani anayeandika O kwa usahihi hupigiwa kelele. Dawa ni kunakili thamani kutoka kwenye orodha yenyewe badala ya kuiandika, na orodha nayo ikaguliwe na mtu aliyewahi kusimama sokoni siku ya tumbaku.

Ndugu wa kosa hilo ni herufi kubwa na ndogo. Sifa iliyowekewa alama ya kuzitofautisha huona “Ipole”, “IPOLE” na “ipole” kuwa vijiji vitatu, na ripoti ya mwisho wa msimu huonyesha wilaya ya Sikonge ikiwa imeongezeka.

Desimali zina vituko vyake. Mpangilio wa nukta na mkato hauko kwenye kundi. Uko kwenye mipangilio ya kila mtumiaji, na huonekana kwa msimbo SU3. Mtumiaji mpya akitengenezwa kwa kunakili wa tawi la Ulaya, hurithi mkato kuwa alama ya desimali, na nukta inakuwa ya kutenganisha maelfu. Karani huyo akiandika unyevu 18.5, kama refraktomita, kipima unyevu cha asali, inavyosoma, ameandika kitu ambacho mfumo haukitarajii. Mwenzake wa meza ya pili anaandika vilevile na hapati kosa. Mtu anaweza kupoteza siku nzima akichunguza kundi lisilo na hatia. Vipimo vya uzito navyo vitazamwe hapohapo: ndoo ya lita 20 ya asali ina takriban kilo 28, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji, na sifa iliyowekewa kilo ikilishwa lita hailalamiki daima. Wakati mwingine hukubali kwa ukarimu, na anayelalamika ni mkulima.

Yote haya ni makosa ya mkono. Lipo kosa la kichwa, na ndilo linalofanya Ipole istahili kutajwa. Kanuni za kimataifa za chakula, Codex Alimentarius, huweka unyevu wa asali usizidi asilimia 20, kwa kuwa ikizidi hapo huelekea kuchacha. Kampuni yetu ya mfano ikaichukua namba hiyo kwa heshima zote na kuifunga kwenye sifa ya unyevu: mwisho 20, kosa likizidi. Kwa asali ya nyuki wakubwa iliyoiva na kufunikwa nta, kundi linafanya kazi bila kuguswa. Kisha anaingia mzee na kidumu kidogo. Refraktomita inasoma 27, karani anaandika 27, chini panakuwa pekundu.

“Mzee, shikamoo. Asali yako ina maji.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo ni ya nyuki wadogo. Ndivyo ilivyo.”

“Mfumo unaikataa.”

“Huo mfumo umewahi kurina?”

Swali la mzee ni la kitaalamu kuliko linavyosikika. Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, kwa asili yake ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, na watu huinunua kwa bei ya juu wakiitumia kama dawa. Haina ubovu wowote kwa kusoma 27. Kiwango kile kiliandikwa kikiwafikiria nyuki wakubwa. Kampuni ndiyo iliyolazimisha wadudu wawili wakae kundi moja kwa sababu kitu chao kinaitwa asali.

Vishawishi vya kulitatua haraka ni vingi, na vyote vinajaribiwa. Karani huandika 19.9 ili lori liondoke. Tangu siku hiyo asali ya nyuki wadogo ya Ipole huwa na unyevu wa ajabu usiobadilika msimu hadi msimu. Mtaalamu hupandisha mpaka hadi 35 kwa wote. Ujumbe mwekundu unatoweka, na asali mbichi ya nyuki wakubwa, iliyorinwa kabla ya wakati, inapita getini ikitikisa kichwa. Meneja huamuru sifa ya unyevu iondolewe kabisa. Mfumo, kwa bahati nzuri, hauachii hivihivi sifa ambayo tayari imejazwa kwenye mamia ya bechi, na aina yake haibadiliki kutoka namba kuwa maneno baada ya kutumika. Ujumbe unaosema hivyo huitwa kosa, ingawa katika kisa hiki ndio pekee ofisini uliokuwa na akili.

Tiba halisi ni kuligawa kundi. Kundi la juu linabaki na sifa za wote: asili, tarehe ya kurina, rangi. Chini yake panawekwa makundi mawili, kila moja na mpaka wake wa unyevu. SAP hurithisha sifa kutoka juu kwenda chini, na urithi huo huzaa kosa lake: sifa iliyorithiwa haiondolewi kwenye kundi la chini. Anayejaribu huambiwa, kwa namna ya ofisi zote, aende kwa mkubwa. Kundi la chini linaweza kuzipunguza thamani zilizoruhusiwa juu, kuzivuka haliwezi. Kwa hiyo mpaka wa 20 ukiachwa juu kwa kusahau, kundi jipya la nyuki wadogo litaonekana zuri, litahifadhiwa, na mzee atakataliwa kama mwanzo.

Mara makundi yanapogawika, ndoo mbili zilizotoka mzinga mmoja huibua kosa jingine. Ndani ya mipangilio ya kundi kuna chaguo dogo kuhusu vitu vyenye sifa zinazofanana: mfumo usikague, uonye tu, au ukatae. Aliyeweka “ukatae” alidhani anazuia kuandika mzigo mmoja mara mbili. Matokeo yake, ndoo ya pili yenye rangi ileile, unyevu uleule na kijiji kilekile inakataliwa kwa sababu imefanana na ya kwanza, yaani kwa sababu karani amepima vizuri. Karani mwerevu hubadilisha rangi ya moja kutoka kahawia hadi kahawia iliyokolea. Chaguo hilo lishushwe hadi kuonya, au liongezwe namba ya ndoo kuwa sifa.

Linabaki suala la kuhamisha. Makundi hutengenezwa na kujaribiwa kwenye mfumo wa majaribio, kisha hupelekwa kwenye mfumo wa kazi. Hayasafiri pamoja na mabadiliko ya mipangilio kama wengi wanavyodhani. Yana misimbo yake: BD91 hupeleka sifa, BD92 hupeleka makundi, BD93 hupeleka upachikaji. Ufuatwe mpangilio huohuo. Kundi likitangulia sifa zake, hufika likiulizia vitu ambavyo huko lilikofika havijazaliwa, na kosa huandikwa kwenye kumbukumbu ambayo watu huifungua wiki inayofuata. Kundi likishafika, itazamwe hali yake: 0 ni bado linaandaliwa, 1 limeachiwa, 2 limefungiwa. Kundi lililosahauliwa kwenye 0 ni zima kwa kila namna, ila halitumiki.

Majedwali ya ndani, kama KLAH linaloshika makundi na AUSP linaloshika thamani, yasiguswe kwa mkono. Kila ofisi ina kijana anayejua njia ya kuyafungua, na siku zote kijana huyo yuko likizo madhara yanapoonekana.

Baada ya marekebisho, mtaalamu hujaribu kwa jina lake mwenyewe, kila kitu kinakubali, naye anaandika “tayari”. Jina lake lina ruhusa zote na nukta za desimali zilizo sawa, kwa hiyo jaribio hilo limethibitisha tu kwamba mtaalamu bado ameajiriwa. Jaribio linalohesabiwa hufanyika Ipole, kwa jina la karani, kwa kidumu kilekile kilichokataliwa, tena karani akiwa ametoka kwenye mfumo na kuingia upya ili ruhusa mpya zisomeke. Likikubali, kumbukumbu ijazwe: kundi gani, aina ipi, sifa ipi iliyobadilishwa, kutoka thamani gani kwenda ipi, nani aliyeomba. Tiketi nyingi hufungwa kwa neno moja, “imerekebishwa”, ambalo halimsaidii karani wa msimu ujao atakapoletewa 31.